Nesi wa Maseno: Grace Ogot na Hadithi Zilizozaliwa Wodini

Ukisoma wasifu wowote mfupi wa Grace Ogot utakuta mpangilio uleule. Mwandishi wa kwanza mwanamke wa Kenya kujulikana kwa Kiingereza. Mbunge. Waziri msaidizi. Mke wa Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria. Halafu mahali fulani katikati, mstari mmoja tu: alisomea uuguzi Uganda na Uingereza. Mwandishi wa wasifu anavuta pumzi, anaendelea na vitabu.

Mstari huo mmoja ndio ninaotaka tukae nao leo. Nimezirudia hadithi zake wiki hizi, na kila ninapogeuza ukurasa nakutana na mgonjwa, kitanda, daktari anayekuna kichwa, ndugu wanaonong'onezana mlangoni kama wamtoe mtu wao wampeleke kwa mganga. Hizo ni hadithi za mtu aliyefanya zamu za usiku. Tukimwondolea Mama Grace gauni la unesi, nusu ya fasihi yake hatutaielewa.

Tuanze nyumbani. Alizaliwa Mei 1930 Asembo, Nyanza, upande wa ziwa. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa wanaume wa mwanzo Asembo kupata elimu ya kizungu. Alikuwa Mkristo wa Kianglikana na alifundisha katika shule ya wasichana ya Ng'iya. Kwa baba, mtoto alisikia visa vya Agano la Kale. Kwa bibi yake alisikia ngano za Wajaluo: majini ya ziwani, wafu wanaorudi kudai haki yao, mabibi harusi wenye mambo ya ajabu. Vyote viwili viliingia masikioni mwa mtoto mmoja, na hakuna aliyemwambia achague. Waliomtaka achague walikuja baadaye.

Akasoma Ng'iya, kisha Butere. Sasa, jiulize binti Mwafrika aliyemaliza shule mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa na milango mingapi mbele yake. Ualimu, unesi, ndoa. Mwaka 1949 Grace aliuchukua wa pili, akavuka mpaka kwenda Hospitali ya Mengo, Kampala.

Mengo haikuwa zahanati ya kijijini. Daktari Albert Cook wa misheni ya Kianglikana aliianzisha mwaka 1897, na mkewe Katharine, ambaye mwenyewe alikuwa nesi, ndiye aliyesukuma mafunzo ya wakunga Waganda. Kwa hiyo Grace alipofika, kumfundisha msichana Mwafrika kushika mtoto anayezaliwa lilikuwa jambo lenye historia ya miongo. Alikaa huko hadi 1953. Baadaye akaenda Uingereza kuongeza mafunzo ya uuguzi na ukunga London. Huko huko alifanya kazi BBC, akiandika na kutangaza katika kipindi kilichoelekezwa Afrika Mashariki na ya Kati. Mchana mkunga, muda mwingine mtangazaji. Yaani huyu dada wa Asembo alikuwa anajifunza kazi mbili za kusikiliza kwa wakati mmoja.

Mwaka 1958 akarudi nyumbani. Akawa sista na mkufunzi wa ukunga katika Hospitali ya Maseno, karibu kabisa na mstari wa ikweta, katika eneo ambalo wamisionari walilifanya kitovu cha shule na tiba kwa Nyanza nzima. Hebu tulia hapa kidogo, maana watu huipita Maseno haraka. Mkufunzi wa ukunga ni mwalimu. Wanafunzi wake ni mabinti wanaotoka vijiji vilevile wanavyotoka wagonjwa. Anachowafundisha kimeandikwa kwa Kiingereza, ila mama aliyelala pale mbele anauliza maswali kwa Kijaluo, na maswali yenyewe hayamo kitabuni. Nani kanifunga tumbo? Kwa nini mtoto wangu wa tatu anakufa kama wale wawili? Mbona daktari haulizi nimegombana na nani?

Nesi ndiye anayesimama katikati. Daktari mzungu anapita asubuhi, anaandika, anaondoka. Anayebaki na mgonjwa saa nane za usiku, anayesikia kile mgonjwa anachokiamini kweli, ni nesi. Katika mazungumzo na wahakiki miaka ya baadaye, Ogot alikuwa wazi kwamba kazi ya hospitali ndiyo iliyomwonesha jinsi dawa ya kisasa na uganga wa jadi vinavyogombania mwili wa mtu mmoja, na kwamba jambo hilo lilimvutia kama mwandishi. Mimi naamini hakulazimika kwenda kulitafuta. Lilikuwa linamjia kwa machela.

Mwaka 1959 aliolewa na Bethwell Allan Ogot, kijana wa Gem aliyekuwa akisomea historia. Mwenyewe amesema kwamba mumewe ndiye aliyemhimiza kuandika, baada ya kuona kipaji katika barua alizomwandikia. Ndoa hii inafaa kutazamwa vizuri kwa sababu mara nyingi inaelezwa upande mmoja tu. Bethwell alikuwa anafanya jambo ambalo wanahistoria wengi wa wakati ule walilikunjia uso: kuyachukua masimulizi ya wazee wa Kijaluo kama ushahidi wa historia. Kitabu chake kuhusu Wajaluo wa kusini kilitoka 1967. Mwaka mmoja kabla yake, 1966, mkewe alikuwa tayari ametoa riwaya kuhusu Wajaluo wanaohama. Nyumba moja, vyanzo vilevile. Mmoja akaandika kwa tarehe na koo, mwingine akaandika kwa majina ya watu na maumivu yao. Kusema tu kwamba "alikuwa mke wa mwanahistoria" ni kuhesabu mkono mmoja wa watu wawili waliokuwa wakilima shamba moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi Makerere, katika huduma ya afya ya wanafunzi. Na hapo, mwaka 1962, likatokea tukio ambalo wapenzi wa fasihi wanalijua: mkutano wa waandishi wa Afrika pale chuoni. Walikuja watu wakubwa, Achebe, Soyinka, Mphahlele. Katika meza za maonyesho ya vitabu, Afrika Mashariki haikuwa na kitu cha kuonyesha. Grace alisoma hadithi yake, "A Year of Sacrifice", na akaondoka na dhamira ya kuchapisha. Mwaka uliofuata hadithi hiyo ilitoka katika jarida la Black Orpheus la Nigeria. Mwaka 1964 jarida la Transition la Kampala likachapisha nyingine. Jina lake? "Ward Nine". Wodi namba tisa. Nesi wa chuo alikuwa anaandika kuhusu anachokijua.

Lakini kuchapisha kitabu kizima ilikuwa vita nyingine. Ogot amesimulia jinsi alivyopeleka hadithi zake kwa meneja wa East African Literature Bureau, na bwana yule akashangaa mno. Mwanamke Mkristo, amesoma, nesi wa misheni, anawezaje kuandika mambo ya kafara na waganga badala ya kuandika juu ya wokovu? Hadithi zikarudishwa.

Ukiangalia vizuri, swali la meneja ni lile lile ambalo hospitali ya misheni ilimuuliza mgonjwa kila siku. Unaamini dawa yetu au unaamini ya kwenu? Chagua. Jibu la Ogot lilikuwa kuandika kile wagonjwa walichomwonesha: kwamba watu wengi hawachagui. Mtu anameza kidonge asubuhi na jioni anamtuma shangazi kwa mganga, na Jumapili yumo kanisani anaimba. Unafiki haumo hapo. Mtu mwenye maumivu anagonga kila mlango.

Ndipo 1966 ikatoka The Promised Land, kwa East African Publishing House ya Nairobi. Ni mwaka uleule ambao Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru, kwa hiyo wanawake hawa wawili wamesimama pamoja mlangoni mwa riwaya ya Kiingereza ya wanawake wa Afrika. Sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kukipenda kitabu hiki: sehemu kubwa yake iko Tanganyika. Ochola na mkewe kijana, Nyapol, wanatoka Seme, Nyanza, kwenda kutafuta ardhi na utajiri upande wa Musoma. Ukienda Rorya leo, mkoa wa Mara, utakuta Wajaluo ambao ni Watanzania kwa vizazi, wenye ndugu upande wa pili wa mpaka. Mpaka waliuchora wengine. Ziwa na udugu vilikuwepo kabla.

Nyapol hataki kwenda. Anakwenda kwa sababu ni mke. Ochola anafanikiwa, mazao yanakubali, mali inakua, na jirani mzee mwenye uganga anaingiwa na wivu. Ghafla mwili wa Ochola unaota miba. Ngozi ya mtu mzima, aliyekuwa na nguvu za kulima ekari kwa ekari, inageuka kitu cha kutisha. Anapelekwa hospitali ya wazungu. Daktari anajitahidi, hafui dafu. Anayemponya mwishoni ni mganga wa jadi, naye anawapa sharti: ondokeni nchi hii. Wanarudi Seme, wanaacha kila walichokichuma.

Wahakiki wengine hawakukipenda. Waliona lugha yake ni kavu, na mwisho wake ni wa kishirikina. Wengine, hasa wasomi wa masuala ya wanawake waliokuja baadaye, walimlaumu kwa kumfanya Nyapol mtiifu mno. Lawama ya utiifu ina uzito wake. Nyapol anaona hatari mapema kuliko mumewe na bado anamfuata. Ila ule ukavu wa lugha, mimi nausoma tofauti. Soma kurasa za ugonjwa wa Ochola taratibu. Ngozi, homa, harufu, jinsi mke anavyoogopa kumgusa mumewe na anavyomgusa hivyohivyo. Hakuna mapambo. Inasomeka kama ripoti ya zamu ambayo nesi mmoja anamwachia mwenzake asubuhi: mgonjwa amelala saa ngapi, amekula nini, amesema nini. Nesi hapambi ripoti, na wala hacheki imani ya mgonjwa. Anaandika alichokiona.

Mkusanyiko wa hadithi fupi, Land Without Thunder, ulifuata 1968. Humo mna "The Old White Witch", hadithi inayotokea moja kwa moja katika hospitali ya misheni. Manesi Waafrika wanagoma. Sababu? Wanatakiwa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa, jambo ambalo kwa mila za kwao linamvunjia heshima mwanamke. Metroni mzungu anaona ni sehemu ya kazi na ni utumishi wa Kikristo. Kwake hakuna la kujadili. Mabinti wanaona wanadharauliwa. Ukiisoma bila kujua Ogot alikuwa nani, utafikiri ni hadithi ya ukoloni dhidi ya mila, basi. Lakini aliyeandika alikuwa sista na mkufunzi. Alijua kwamba mgonjwa asiyeweza kuamka lazima asafishwe na mtu fulani. Alijua pia binti wa miaka kumi na minane anavyoambiwa akirudi kijijini. Kwa hiyo katika hadithi hiyo metroni si shetani, na manesi si mashujaa watupu. Kuna mgonjwa kitandani, na pande zote mbili zinadaiwa jibu naye.

Katika mkusanyiko huohuo mna ile hadithi ya Makerere, sasa inaitwa "The Rain Came". Ndiyo pengine hadithi yake iliyosomwa zaidi. Ukame umeua nchi. Oganda, binti wa chifu Labong'o, lazima atolewe kafara kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe. Chifu ni baba na ni kiongozi kwa wakati mmoja, na hivyo viwili vinamchana. Oganda anaokolewa na Osinda, kijana anayempenda, na mvua inanyesha hata hivyo. Mkunga aliyekaa na akina mama wakati wa uchungu alijua vizuri swali hili la mwili wa mwanamke mmoja kubebeshwa uhai wa ukoo mzima.

Tukumbuke na mambo mengine aliyokuwa akiyafanya miaka hiyo. Alikuwa ofisa wa maendeleo ya jamii Kisumu. Alikuwa ofisa uhusiano wa Air India. Alitangaza kipindi cha Kijaluo redioni. Baadaye aliendesha maduka ya nguo Nairobi. Na alilea watoto wanne. Kwa desturi ya Wajaluo mwanamke huitwa kwa alikozaliwa hata baada ya kuolewa, hivyo huko Gem alibaki kuwa nyar Asembo, binti wa Asembo, huku akiwa mama wa nyumba ya Ogot. Nyumba ya msomi wa aina ile ina wageni, ina ndugu wa ada za shule, ina misiba. Wenye kuwahi kuishi katika nyumba kama hiyo mnajua nani huamka kwanza na nani hulala mwisho.

Miaka ya 1980 alifanya jambo ambalo waandishi wenzake wengi wakubwa wa Kiingereza hawakulifanya wakati ule: alianza kutoa vitabu kwa Kijaluo. Miaha, cha 1983, kinatokana na ngano ya zamani ya jembe lililokuwa likilima lenyewe, ukiligusisha tu ardhini, mpaka bibi harusi mmoja alipoamua kulima kwa mikono yake. Okoth Okombo alikitafsiri kwa Kiingereza kama The Strange Bride. Tunapozungumzia nani aliirudisha fasihi ya Kenya kwenye lugha za mama, jina la Ngũgĩ huja haraka, na anastahili. La Ogot nalo lije. Yeye hakuandika ilani. Aliandika tu vitabu ambavyo akina mama wa Asembo wangeweza kusomewa.

Sasa kuna sehemu ngumu, na haifai kuirukia. Mwaka 1983 Rais Moi alimteua kuwa mbunge, na akawa waziri msaidizi anayehusika na utamaduni. Mwaka 1985 kiti cha Gem kilipobaki wazi, aliuacha ubunge wa kuteuliwa, akaenda kuomba kura, akashinda. Kumbuka ilikuwa Kenya ya chama kimoja. Ngũgĩ alikuwa amefungwa bila kushtakiwa 1977 hadi 1978, na kufikia 1982 alikuwa uhamishoni. Mwenyekiti mwanzilishi wa chama cha waandishi wa Kenya akakaa katika serikali iliyokuwa ikiwaogofya waandishi. Kuna wasomaji ambao hawajamsamehe hadi leo.

Sitamtetea katika hilo, ila naona mtu yuleyule wa Maseno. Miaka mitatu kabla ya kuteuliwa, 1980, alikuwa ametoa The Graduate, riwaya fupi kuhusu mwanamke waziri anayesafiri Marekani kuwashawishi wasomi wa Kenya warudi nyumbani. Alimwandika waziri mwanamke wakati Kenya haikuwa na hata mmoja katika baraza la mawaziri. Wa kwanza, Nyiva Mwendwa, alikuja 1995. Ogot aliamini katika kuwa ndani, karibu na kitanda. Nesi haachi wodi kwa sababu metroni ni dhalimu, maana mgonjwa atabaki na nani? Huo ndio ubora wa fikra hiyo, na ndio udhaifu wake pia. Maana kuna hospitali ambazo kubaki ndani ni kuisaidia hospitali zaidi ya mgonjwa. Manesi wa hadithi yake waligoma. Yeye hakugoma.

Alitoa kitabu cha maisha yake, Days of My Life, mwaka 2012. Alifariki Machi 18, 2015, akiwa na miaka 84. Mumewe alimfuata Januari 2025. Rambirambi nyingi zilimtaja kama mwandishi na mwanasiasa, nazo zilikuwa sahihi. Lakini mahali fulani Nyanza kuna wazee leo ambao mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa ya sista huyo, au ya binti aliyefundishwa naye. Hao hawamo katika orodha ya kazi zake.

Kama hujawahi kumsoma, usianze na riwaya. Tafuta Land Without Thunder uanze na "The Old White Witch". Soma ukijua kwamba aliyeandika amewahi kusimama pande zote mbili za kitanda kile, amewahi kutoa amri na amewahi kupewa. Halafu uende kwa Ochola na miba yake. Utaona kwa nini mwandishi hamwambii Ochola aende kwa nani. Anakaa naye tu mpaka kuche.